Kanuni za Kalamu Mbele ya Mashine: Charles Snell, Matthew Carter na Fonti ya Snell Roundhand

Fonti zinazoiga mwandiko wa kuunganisha huchukuliwa na wengi kuwa mapambo tu, vitu vya vyeti na kadi za arusi. Mtazamo huo unaficha tatizo la kiufundi lililowasumbua wachapaji kwa muda mrefu. Snell Roundhand, iliyosanifiwa na Mwingereza Matthew Carter mwaka 1966, inalidhihirisha vizuri.

Chimbuko lake ni Charles Snell (1667–1733), mwalimu wa mwandiko jijini London. Biashara ya Uingereza ilihitaji makarani wenye mwandiko wa haraka na unaosomeka, na hati ya mviringo, iliyoandikwa kwa kalamu ya unyoya, ilikidhi haja hiyo. Walimu wengi wa enzi hizo walishindana kwa madoido, hata kuchora ndege na samaki bila kuinua kalamu. Snell hakuvutiwa na mashindano hayo. Mwaka 1714 alichapisha kanuni zilizoipa kila herufi vipimo na uwiano wake. Mwalimu mwenzake, John Clark, alizipinga, na wawili hao wakajibizana. Kwa mwenye kalamu mkononi, kanuni kali kiasi hicho zingeweza kuonekana pingu.

Vitabu vya walimu hao vilichapishwa kwa mabamba ya shaba yaliyochongwa, kwa sababu herufi za risasi hazikuweza kazi hiyo. Kila herufi ya risasi hukaa juu ya kipande chenye pembe nne. Mkia wa herufi iliyolala ukitokeza nje ya kipande chake, huvunjika kwa urahisi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Firmin Didot wa Paris alitengeneza vipande vilivyoinama. Matokeo yalipendeza, ila mpangaji chapa alipata taabu. Mashine ya Linotype, iliyomimina mstari mzima kwa risasi, haikuruhusu kabisa herufi kuingia katika nafasi ya jirani yake.

Upangaji chapa kwa mwanga na filamu uliondoa kizuizi hicho. Carter, aliyejifunza ujanani kuchonga herufi katika chuma huko Haarlem, Uholanzi, alijiunga na Mergenthaler Linotype mjini New York mwaka 1965. Katika fonti ya aina hii, mkia wa kila herufi sharti ukutane na herufi ifuatayo kwa kimo na mwinamo uleule, kwa mpangilio wowote. Mwandiko wa madoido hubadilika kulingana na jirani. Ule wa Snell ulikuwa umekwisha kutiwa nidhamu.

Kwa hiyo, dai kwamba mashine ndiyo iliyoulazimisha mkono kufuata utaratibu halisimami hapa. Utaratibu ulitangulia mashine kwa miaka 250 hivi. Ni kweli kwamba mpumuo wa kalamu umepotea, kwa kuwa kila “a” sasa hufanana na nyingine. Lakini ufanano huo ndio Snell aliowadai wanafunzi wake.