Majeraha Yasiyoonekana: Hali ya Walionusurika na Mateso

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola Mwadilifu, aliyeharimisha dhulma baina ya waja Wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu Waislamu, tarehe huwataja sana waliouawa, na huwasahau walionusurika. Leo tuwatazame hao.

Khabbab bin Al-Aratt alikuwa mhunzi wa Makka. Makureshi walimlaza juu ya makaa ya moto ili aiache dini yake. Baada ya miaka mingi, Uislamu umekwisha shinda, Sayyidna Umar akiwa Khalifa alimwuliza habari za mateso yale. Khabbab akafunua mgongo wake. Watesaji walikuwa wamekwisha ondoka, lakini alama za moto zilibaki. Ikiwa ngozi haikusahau, moyo utasahau vipi?

Na Ammar bin Yasir, ambaye mamake, Bibi Sumayya, aliuawa, aliteswa hata akatamka neno alilotakiwa alitamke. Alipoachiliwa alimwendea Mtume huku akilia. Kilichomliza ni lile neno lililomtoka kinywani. Mtume hakumkemea, bali alimwuliza moyo wake u hali gani. Akajibu kuwa umetulia katika imani. Ikateremka Aya ya 106 ya Sura An-Nahl, kuwaondolea lawama waliolazimishwa. Tazameni hekima hiyo: mtesaji huacha aibu ndani ya nafsi ya aliyeteswa, na dawa ya kwanza ni kumwondolea aibu hiyo.

Natuje katika zama zetu. Mwezi wa Februari 1984, askari wa Kenya waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, Waislamu wenzetu, katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Walivuliwa nguo, wakawekwa juani siku kadhaa bila ya chakula wala maji, na wengi wakauawa. Kwa miaka mingi serikali ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilisema waliouawa walikaribia 1,000. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa dhulma zilizopita.

Baina ya tukio na radhi hiyo ni miaka 31. Mtu aliyeteswa huishije muda wote huo? Usingizi humpaa. Kishindo cha gari au sauti ya amri humrudisha pale pale. Huwa mkali kwa watoto wake, au hunyamaza, nao hukua katika nyumba yenye hofu isiyo na jina. Na kila anapoambiwa kuwa jambo lile halikutokea, huteswa mara ya pili.

Wako wanaomwambia mtu kama huyu kuwa imani yake ni dhaifu. Hilo si kweli. Nabii Yaakub alihuzunika hata macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii, mwenye subira njema. Subira haina maana ya kunyamazishwa.

Sahaba Hisham bin Hakim aliwakuta watu huko Sham wamesimamishwa juani kwa sababu ya kodi ya ardhi. Akasimulia kuwa amemsikia Mtume akisema Mwenyezi Mungu atawaadhibu wanaowaadhibu watu duniani. Akamwendea amiri, na watu wale wakaachiliwa. Huo ndio wajibu wa mwenye kuona.

Basi ndugu zetu, msikilizeni aliyeteswa bila ya kumharakisha. Msimwulize kwa nini alisema au hakusema. Mpelekeni kwa tabibu wa maradhi ya nafsi, kama mnavyompeleka aliyevunjika mguu. Na dua iende pamoja na dawa. Na ushuhuda wake msiufiche, kwani Qurani imetukataza kuficha ushahidi.

Ewe Mola wetu, watulize waliotishwa, wape haki yao waliodhulumiwa, na utuepushe na kuwa wasaidizi wa madhalimu. Amin.