Tangazo Lionekane: Zana za Bure za Kuimarisha Tovuti za Halmashauri, Mfano wa Handeni na Korogwe

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi wa Mkata wilayani Handeni, au wa Mombo wilayani Korogwe, anapotaka kujua tarehe ya mwisho ya kuomba mkopo wa kikundi, mara nyingi haanzi kwa kufungua tovuti ya halmashauri yake. Huandika maneno machache kwenye simu yake, kama vile “mikopo ya vikundi Handeni” au “fomu ya mkopo wa vijana Korogwe”, kisha husoma majibu mawili au matatu ya mwanzo. Tangazo halali likiwa jibu la ishirini, kwake ni sawa na tangazo ambalo halijatolewa. Likitanguliwa na ukurasa wa tapeli anayedai “ada ya usajili”, mwananchi anaweza kupoteza fursa pamoja na fedha.

Makala haya yanaeleza zana za bure zinazomwezesha msimamizi wa tovuti kufahamu iwapo taarifa zake zinaonekana kwenye injini za utafutaji, maneno gani wananchi wanayaandika, na hatua gani achukue taarifa hizo ziwafikie.

Halmashauri nne, majina mawili

Mkoa wa Tanga una halmashauri 11. Nne kati yake zinatumia majina mawili tu: Halmashauri ya Wilaya ya Handeni, Halmashauri ya Mji Handeni, Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe na Halmashauri ya Mji Korogwe. Kila moja ina anuani yake ya tovuti: handenidc.go.tz, handenitc.go.tz, korogwedc.go.tz na korogwetc.go.tz.

Mnamo mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri nchini zilizinduliwa kwa muundo unaofanana, kwa ushirikiano wa Ofisi ya Rais – TAMISEMI, iliyokuwa Wakala ya Serikali Mtandao, ambayo sasa ni Mamlaka, na mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani. Msingi wake ni haki ya mwananchi. Ibara ya 18 ya Katiba inatambua haki ya kila mtu kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imeweka utaratibu wake.

Kufanana kwa majina kunaongeza kazi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hutolewa na kila halmashauri kwa vikundi vilivyomo ndani ya mipaka yake. Kikundi cha Chanika, mjini Handeni, kikisoma tangazo la Halmashauri ya Wilaya kwa kudhani ni la Mji, kinaweza kufuata tarehe isiyokihusu na kwenda kwenye ofisi isiyo yake. Kwa hiyo tangazo lenye kichwa “Tangazo la mikopo Handeni” halijitoshelezi. Kichwa kinachofaa hutaja halmashauri kwa jina kamili, kundi linalohusika na mwaka wa fedha.

Injini ya utafutaji inavyofanya kazi

Injini ya utafutaji hupitia hatua tatu. Kwanza, programu zake maalumu, ziitwazo roboti, hutembelea kurasa kwa kufuata viungo. Pili, huhifadhi zilichosoma katika faharasa kubwa, mfano wa faharasa ya mwisho wa kitabu. Tatu, mtu anapouliza jambo, injini hupanga kurasa za faharasa hiyo kwa kuzingatia zinavyohusiana na swali, ubora wake na mahali alipo muulizaji.

Ukurasa unaweza kukwama katika hatua yoyote. Usipounganishwa na ukurasa mwingine, roboti huenda zisiufikie. Ukifikiwa lakini maandishi yake hayasomeki, hautaingia vyema katika faharasa. Ukiingia bila kutumia maneno ya wananchi, utapangwa nyuma. Zana zinazoelezwa hapa humwonyesha msimamizi ni hatua ipi iliyokwama, ili asitengeneze kisichoharibika.

Zana zenyewe na umiliki wake

Zana kuu ni Google Search Console, iliyojulikana kama Google Webmaster Tools hadi Mei 2015. Microsoft nayo inatoa Bing Webmaster Tools tangu mwaka 2009. Zote mbili hazina malipo, na aliyekwisha kujisajili katika ya kwanza anaweza kuhamishia tovuti yake katika ya pili bila kuanza upya.

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kuwa tovuti ni yako. Njia mojawapo ni kupandisha faili dogo kwenye tovuti. Nyingine ni kuweka mstari wa utambulisho ndani ya ukurasa wa mwanzo. Na ya tatu ni kuongeza kumbukumbu katika mfumo wa majina ya vikoa. Njia hii ya mwisho huhusisha tovuti nzima, lakini kwa anuani za go.tz huhitaji ushirikiano na wasimamizi wa kikoa.

Hapa kuna jambo la kiutawala linalosahaulika kirahisi. Akaunti inayomiliki tovuti ifunguliwe kwa barua pepe ya ofisi, si ya mtumishi binafsi. Mtumishi akihamishwa au kustaafu, akaunti binafsi huondoka naye. Search Console inaruhusu kugawa madaraka: mmiliki, mtumiaji mwenye mamlaka kamili na mtumiaji wa kusoma tu. Inafaa Kitengo cha TEHAMA kiwe mmiliki, na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini kiwe na ruhusa ya kusoma takwimu, kwa kuwa ndicho kinachoandika habari na matangazo.

Kusoma maswali ya wananchi

Ripoti yenye manufaa zaidi ni ile ya utendaji. Huonyesha mambo manne: idadi ya mibofyo, mara ambazo kurasa zimeonekana katika majibu, asilimia ya waliobofya kati ya walioona, na nafasi ya wastani ya ukurasa. Takwimu huhifadhiwa kwa miezi 16, hivyo msimu mmoja unaweza kulinganishwa na ule wa mwaka uliotangulia, kwa mfano Januari, wanafunzi wanapoanza kidato cha kwanza na wazazi kutafuta maelekezo ya kujiunga.

Tuchukulie mfano wa kubuni. Ukurasa wa viwanja vinavyouzwa na halmashauri umeonekana mara 1,000 kwa mwezi na kubofywa mara 20, yaani asilimia 2. Nafasi yake ya wastani ni ya 4. Ukurasa unaonekana ila hauvutii kufunguliwa, na huenda sababu ni kichwa chake, “Tangazo kwa Umma”, ambacho hakisemi lolote kuhusu viwanja. Kingekuwa ni ukurasa wa nafasi ya 35, tatizo lingekuwa jingine: maelezo haba, au maneno yasiyolingana na ya wananchi.

Ripoti hiyo huonyesha pia maneno yenyewe yaliyoandikwa. Ofisi inaweza kuandika “fursa za ajira” ilhali wananchi wanatafuta “nafasi za kazi”. Inaweza kuandika “uwezeshaji wa makundi maalumu” ilhali kinachotafutwa ni “mkopo wa halmashauri”. Si lazima kuacha lugha rasmi; inatosha sentensi ya kwanza ya tangazo iwe na neno la mwananchi pamoja na lile la kiofisi. Maswali yanayoulizwa na watu wachache sana hufichwa ili kulinda faragha yao, na zana haimtaji aliyeuliza.

Hati za skana na ramani ya tovuti

Tangazo lililochapishwa, likasainiwa, likapigwa muhuri na kupitishwa kwenye skana ni picha ya maandishi. Roboti zinaweza kushindwa kulisoma ipasavyo, na mwananchi asiyeona anayetumia programu ya kusomewa naye hukwama. Suluhisho ni kuweka maandishi yote ya tangazo kwenye ukurasa wenyewe, na hati yenye saini iwe kiambatisho. Jina la faili nalo lieleze kilichomo, “viwanja-mji-korogwe.pdf” ni bora kuliko “scan0012.pdf”.

Aidha, tovuti iwe na ramani yake, yaani faili linaloorodhesha anuani za kurasa zote. Faili moja linaweza kubeba hadi anuani 50,000, idadi inayotosha tovuti ya halmashauri. Likiwasilishwa katika Search Console, ripoti ya faharasa huonyesha kurasa zilizoingia, zilizoachwa, na sababu. Kwa tangazo la dharura, zana ya ukaguzi wa anuani huruhusu kuomba ukurasa mmoja utembelewe mapema. Ombi hilo si amri: kazi inaweza kuchukua siku kadhaa au wiki, hivyo tangazo lipandishwe mapema.

Kwa jambo linalojirudia kila mwaka, ni vyema kuwa na ukurasa mmoja wa kudumu unaohuishwa, badala ya kuanzisha mpya kila mara. Matangazo ya zamani yanayobaki kama kumbukumbu yaandikwe wazi juu kabisa kuwa muda wake umepita.

Kasi kwenye simu

Google husoma tovuti kama inavyoonekana kwenye simu. Zana ya bure ya PageSpeed Insights hupima ukurasa wowote kwa kubandika anuani yake tu. Vigezo vyake vitatu ni hivi: sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na kiwango cha maandishi kuhamahama wakati wa kufunguka kisizidi 0.1. Picha za mikutano zinazopandishwa zikiwa na ukubwa uleule wa kamera ni chanzo cha kawaida cha uzito, nazo hupunguzwa kirahisi. Faida kubwa huenda kwa mwenye kifurushi kidogo cha intaneti.

Usalama na taarifa binafsi

Wadukuzi duniani hupenda tovuti za serikali kwa sababu ya heshima yake, na hupachika humo kurasa za kamari au za bidhaa bandia bila mwenyewe kujua. Search Console ina ripoti ya usalama na hutuma tahadhari kwa barua pepe, sababu nyingine ya kutumia barua pepe ya ofisi inayosomwa kila siku.

Vilevile, hati yenye taarifa binafsi ikipandishwa kimakosa, zana ya uondoaji huificha kwenye majibu ya Google kwa takribani miezi 6. Hiyo ni huduma ya kwanza tu. Hati yenyewe sharti iondolewe kwenye tovuti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu pia taasisi za umma.

Tahadhari

Hakuna anayeweza kuuza nafasi ya kwanza katika majibu ya kawaida ya utafutaji. Matangazo ya kulipia hutenganishwa na kuwekewa alama. Kurundika maneno au kununua viungo huweza kuishusha tovuti. Hata orodha ya “maneno muhimu” iliyofichwa ndani ya ukurasa haisaidii. Google ilieleza tangu mwaka 2009 kuwa haiitumii kupanga majibu yake.

Mwananchi afanye nini

Mwananchi naye ana njia za kujilinda. Kwanza, aangalie kama anuani inaishia na go.tz. Pili, asome jina kamili la halmashauri na tarehe ya tangazo. Tatu, atafute ndani ya tovuti husika pekee kwa kuandika site:korogwetc.go.tz, kisha nafasi na neno analolitaka, kwa mfano mikopo. Akidaiwa fedha na ukurasa asioufahamu, asilipe kabla ya kuuliza kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, au kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Wajasiriamali wenye tovuti zao, wakiwemo wauzaji wa machungwa wa Handeni na bidhaa za mkonge wa Korogwe, wanaweza kutumia zana hizihizi kwa utaratibu uleule, bila gharama.

Kwa halmashauri inayoanza, kazi ya wiki ya kwanza ni ndogo: kuthibitisha umiliki, kuwasilisha ramani ya tovuti, na kusoma maneno 20 yanayotafutwa zaidi pindi takwimu zinapoanza kuonekana. Kila neno lisilo na ukurasa wa kulijibu ni swali la mwananchi linalosubiri jibu la ofisi.