Mvita: Maana na Matumizi ya Lakabu ya Mji wa Mombasa

Wasafiri walioandika kwa Kiarabu waliujua mji huu kwa jina lililo karibu na Mombasa. Ndivyo alivyoutaja Ibn Battuta, aliyeufikia mwaka 1331. Wenyeji, pamoja na kulitumia jina hilo, walikuwa na mengine ya kwao, yaani Kongowea, Gongwa na Mvita. Kati ya hayo, Mvita ndilo lililoshika zaidi katika utungo, na ndilo lililofafanuliwa kwa wepesi kupita kiasi.

Ufafanuzi uliozoeleka ni kwamba Mvita ni "mji wa vita". Historia imeupa ufafanuzi huu chakula kingi. Wareno waliuchoma mji mwaka 1505, wakarudi kuushambulia mwaka 1528 na tena mwaka 1589, kisha wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Waomani waliizingira ngome hiyo tangu 1696 hadi 1698. Mwaka 1837 Seyyid Said akauondoa utawala wa Wamazrui. Mwenye kuisoma orodha hiyo haoni haja ya kuuliza zaidi.

Hata hivyo, mapokeo ya wenyeji hayaanzi na vita. Yanaanza na watu wawili: Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea, na Shehe Mvita, aliyeshika mji baada yake na ambaye ukoo wake ulitawala hadi karne ya 16. Kwa mapokeo haya, Mvita ni jina la mtu kwanza, kisha la mji wake.

Sarufi nayo ina ushahidi wake. Lau Mvita ingalikuwa nomino ya kawaida ya ngeli ya watu, yenye maana ya "mtu wa vita", wingi wake ungalikuwa *Wavita. Watu wa mji hawaitwi hivyo. Huitwa Wamvita, kama watu wa Mtwapa wanavyoitwa Wamtwapa. Lahaja yao ni Kimvita, kama ile ya Mrima ilivyo Kimrima. Neno *kivita* lipo katika Kiswahili, lakini lina kazi nyingine kabisa: meli za kivita, mbinu za kivita. Msemaji halichanganyi na Kimvita hata siku moja. Kiambishi m- kimeganda katika jina, nalo linabebwa zima zima kama majina ya pekee yanavyobebwa. Ushahidi huu haukanushi kwamba huenda hapo kale sana neno vita lilihusika katika kumpa Shehe huyo jina lake. Unaonyesha tu kwamba, kwa wanaolitumia, Mvita haina maana ya vita. Ina maana ya Mvita.

Ni nani basi aliyeiweka hai maana ile ya vita? Kwa kiasi kikubwa ni washairi wenyewe. Mara nyingi husemwa kwamba mtunzi hubadili jina la mji ili kutimiza mizani. Kwa Mvita hoja hiyo haisimami, kwa kuwa M-vi-ta ni mizani tatu sawasawa na Mo-mba-sa. Kongowea ndiyo inayotoa mizani nne, na Gongwa mbili, jambo lenye manufaa makubwa kwa anayekijaza kipande cha mizani nane. Kinachobadilika kati ya Mombasa na Mvita ni kina. Anayetaka kina cha -ta hupata papo hapo vita, kupata, kuteta na kunyata, na mvuto wa kulioanisha jina la mji na vita ni mkubwa mno kuuepuka. Katika zama za Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata 1840, Mombasa ilipokuwa ikigombana na Lamu na kisha na Unguja, oanisho hilo lilikuwa pia siasa. Kutaja Mvita kulikuwa kumkumbusha adui kina kinachofuata.

Lakini lakabu hii haikuwa ya watu wote kwa kadiri moja. Waswahili wa Mombasa ni Thenashara Taifa, na Wamvita ni taifa moja tu katika Tisa Taifa. Wa Thelatha Taifa, yaani Wachangamwe, Wakilindini na Watangana, walikuwa na mji wao wa Kilindini, upande wa magharibi wa kisiwa. Kukiita kisiwa kizima Mvita ni kuchukua jina la upande mmoja na kuwavika wote. Wasomi wa fasihi wamelipita jambo hili kimya, pengine kwa sababu diwani zilizowafikia zilikuwa zimekwisha kulikubali.

Mkutano wa mwaka 1928, uliokiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ulifanyika Mombasa, nyumbani kwa lahaja iliyoshindwa. Tangu hapo Kimvita kilibaki lugha ya nyumbani na ya ushairi, na jina Mvita likazidi kuelekea huko. Ndiyo sababu diwani ya Ahmad Nassir iliyochapishwa mwaka 1971 iliitwa *Malenga wa Mvita*. Jina "Malenga wa Mombasa" lingalitaja tu mahali anapokaa mtu. Mvita ilitaja pia lahaja na silsila ya watunzi.

Serikali nayo imelichukua jina hilo. Tangu uchaguzi wa 2013, Changamwe, Jomvu na Mvita ni maeneo bunge jirani, na Kilindini imo ndani ya Mvita. Kongowea imevuka maji: leo ni jina la soko na la wadi upande wa bara, katika eneo bunge la Nyali.