Kamba Huanzia Kwenye Ramani

Historia ya tiba ya akili nchini mwetu inasomeka katika majengo kama inavyosomeka katika sheria. Mwaka 1904 wamisionari wa Kijerumani walianza kutunza wagonjwa wa akili Lutindi, milimani Usambara. Katika miaka ya 1920 Waingereza wakajenga Mirembe, Dodoma. Serikali ya kikoloni ilitaka kwanza mahali pa kuwaweka watu walioonekana hatari. Tiba ilifuata nyuma ya ukuta.

Mwaka 1954, Dkt. Thomas Adeoye Lambo alionyesha njia nyingine huko Aro, Nigeria: wagonjwa waliishi vijijini pamoja na ndugu zao huku wakitibiwa. Tanzania huru nayo ilianzisha vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili.

Funzo ni moja. Wodi iliyosongamana, yenye kelele na isiyo na ua, huzaa ugomvi. Muuguzi aliye peke yake usiku, asiyeweza kuona vitanda vyote, hukimbilia kamba au chumba cha kufungia.

Kutoka Nachingwea na Ruangwa, Dodoma ni mbali. Mgonjwa huanzia mikononi mwa jamaa, kisha hospitali ya wilaya. Kwa hiyo, kabla ya kumlaumu muuguzi, tuiulize ramani: ndugu atakaa wapi? Mgonjwa atatembea wapi? Kivuli kiko wapi? Halmashauri inayopitisha mchoro bila maswali hayo imekwisha kuamua nani atafungwa, hata kabla tofali la kwanza halijawekwa.