Ini Lililokwisha Kujeruhiwa: Sumu za Ukanda wa Dhahabu na Kipimo Tunachokisahau

Katika vijiji vya wachimbaji wadogo mkoani Geita, kama Rwamagasa na Nyarugusu, kazi ya kukamatisha dhahabu imekuwa ya mikono mitupu. Mchanga uliosagwa kwenye karasha huchanganywa na zebaki ndani ya beseni, ukafinyangwa, kisha donge likakamuliwa kwa kitambaa hadi liwe gumu. Donge hilo huchomwa juu ya jiko la mkaa, mara nyingi uani, watoto wakiwa karibu. Anayechoma huvuta mvuke, na takriban asilimia 80 ya zebaki anayoivuta hubaki mwilini mwake.

Haya si mageni kwa wasomaji wa jarida hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa UNIDO ulipima zebaki katika mkojo, damu na nywele za watu wa Rwamagasa, na mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata. Ninachodai ni kwamba tumezoea kuipima sumu bila kumpima anayeipokea. Tunanukuu viwango vya usalama kana kwamba kila anayeshuka duarani ana ini zima.

Wengi hawana. Kanda ya Ziwa ni makazi ya kale ya kichocho cha tumbo. Homa ya ini B ipo, na chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002 tu, hivyo waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Gongo nayo haikosekani penye machimbo, iwe Geita au Kahama.

Tuanze na kichocho, kwa kuwa madhara yake hapa hayasemwi ipasavyo. Mayai ya minyoo hukwama katika matawi ya mshipa unaoleta damu kutoka utumbo kwenda ini, na makovu yakaziba njia. Damu ikikosa pa kupita hutafuta michepuko na kulikwepa ini. Sasa mpe mgonjwa huyo maji ya kisima chenye aseniki. Miamba yenye dhahabu katika ukanda huu hubeba aseniki kwa asili, na baadhi ya vyanzo vya maji Geita vimekutwa na kiasi kinachozidi kikomo cha WHO cha mikrogramu 10 kwa lita. Kwa mtu mzima wa afya, sehemu kubwa ya aseniki iliyonywewa hupitia kwanza kwenye ini, ambalo huibadilisha ili itoke kwa mkojo. Kwa mwenye michepuko, sehemu ya sumu hiyo huingia katika mzunguko wa mwili kabla ini halijaigusa. Aseniki ya muda mrefu nayo huweza kuleta makovu yaleyale na kupandisha shinikizo katika mshipa uleule.

Nitapingwa kwamba zebaki hushambulia hasa ubongo na figo, si ini. Ni kweli, lakini ini ni mojawapo ya njia za kuitoa: huifunga kwa glutathioni na kuisukuma nje kwa nyongo. Ini lenye sirosisi lina upungufu wa glutathioni hiyo, na mlevi wa miaka mingi huwa nao hata kabla ya sirosisi. Sayanidi ya kuoshea marudio nayo hupunguzwa makali kwa kiasi kikubwa na kimeng'enya kilichojaa kwenye ini. Kwa hiyo ini huhusika hata pale ambapo kiungo kinachoumia ni kingine.

Anayetaka ushahidi wa jinsi jeraha la zamani na sumu mpya zinavyokuzana autazame mfano wa sumukuvu. Katika utafiti wa wanaume zaidi ya 18,000 wa Shanghai, uliochapishwa mwaka 1994, sumukuvu peke yake iliongeza hatari ya saratani ya ini kwa zaidi ya mara 3, na homa ya ini B peke yake zaidi ya mara 7. Waliokuwa na vyote viwili hatari yao ilikaribia mara 60. Hiyo si hesabu ya kujumlisha. Na sumukuvu si habari ya mbali: mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kutokana na mahindi yaleyale tunayosonga ugali.

Sisemi kwamba zebaki na kirusi cha homa ya ini B huzidishana kwa kiwango hicho. Ninachosema ni kwamba anayetathmini hatari ya machimbo kwa kupima mkojo pekee anasoma nusu ya cheti. Kila uchunguzi wa zebaki au aseniki Geita na Shinyanga uende pamoja na kipimo cha homa ya ini B, uchunguzi wa kichocho na kipimo cha ini. Asiye na kirusi wala kinga achanjwe hapohapo machimboni. Mwenye kichocho apewe prazikwanteli. Mwenye ini bovu aondolewe kwenye uchomaji kabla ya wengine, na familia yake itafutiwe maji mengine. Wizara ya Afya na Tume ya Madini zinaweza kukubaliana juu ya hili bila sheria mpya. Chanjo na dawa hizo zimo nchini tayari.