Hedifoni nzuri kwa bajeti ya kati: Vitu 7 vya kupima kabla hujalipa

Ukiingia Kariakoo na Sh20,000 hutakosa hedifoni. Ukiingia na Sh200,000 hutakosa pia, na hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu kwa macho tu zote mbili zinaweza kufanana: boksi la kuvutia, picha ya msanii anatabasamu na neno "bass" kwa herufi kubwa.

Kwa mtu aliyejibana miezi miwili mitatu kupata hiyo laki mbili, kukosea si jambo dogo. Hedifoni ikiwa mbovu, atapandisha sauti hadi mwisho ili asikie kitu ndani ya daladala. Hapo pesa imeshaondoka, na sikio nalo linaanza kulipa.

Ndiyo maana swali la kwanza dukani lisiwe "ina besi?" Swali ni hili: je, inakutosha sauti ya simu ikiwa nusu tu? Ikikutosha, umepata kitu. Isipokutosha, hata iwe na taa na rangi gani, achana nayo.

Hapa bajeti ya kati ina maana ya kati ya Sh100,000 na Sh400,000. Ukiwa na kiasi hicho, pima vitu hivi saba.

1. Inavyokaa masikioni

Hedifoni isiyoziba vizuri inavujisha besi na kuingiza kelele za nje. Wengi hudhani sauti ni mbovu, kumbe haijakaa tu.

Kwa zile kubwa za kufunika masikio, weka wimbo wenye besi kisha zibonyeze taratibu kwa viganja. Besi ikiongezeka ghafla, ujue sponji hazizibi. Kama unavaa miwani, hijabu, kilemba au una rasta, jaribu ukiwa hivyo hivyo, maana ndivyo utakavyozivaa kila siku.

Kwa zile ndogo za kuingiza sikioni, angalia vipira vya silikoni. Boksi zuri huwa na saizi tatu au zaidi. Usishangae sikio la kulia likahitaji saizi tofauti na la kushoto, ni kawaida.

Vaa kwa dakika kumi, si mbili. Ikikubana kichwa dukani, kwenye safari ya Dar hadi Dodoma itakuwa adhabu. Na kwa joto la pwani, sponji za ngozi ya bandia hutoa jasho na baada ya muda hubanduka, hivyo uliza kama zinaweza kubadilishwa.

2. Sauti yenyewe

Usikubali kupimiwa kwa wimbo wa muuzaji. Tumia simu yako na nyimbo tatu unazozijua vizuri: mmoja wenye ngoma nzito, mmoja wa sauti ya mtu na gitaa, na mmoja wenye vyombo vingi kwa pamoja, kama taarabu au dansi.

Weka sauti nusu. Je, maneno yanasikika wazi besi ikiwa inagonga? Je, vyombo vinatengana au vimekuwa uji? Je, herufi "s" inachoma sikio? Besi ikifunika maneno, hiyo si nguvu, ni kasoro. Leo utafurahi, wiki ijayo itakuchosha.

3. Namba za kwenye boksi

Boksi nyingi zinaandika 20 Hz hadi 20,000 Hz. Hilo ndilo eneo ambalo sikio la kijana mwenye afya husikia, na karibu kila hedifoni inadai hivyo. Kuandikwa 40,000 hakuifanyi iwe bora.

Ukubwa wa spika za ndani, mfano milimita 40, nao hautoshi kuamua. Zipo za 40 nzuri na za 40 za hovyo. Vilevile, Bluetooth 5.3 haimaanishi sauti nzuri, inahusu zaidi muunganisho.

Namba yenye maana kwa hedifoni za waya ni ya ohm. Ikiwa 32 au chini, simu nyingi huiendesha bila shida. Ukikuta 250, hiyo ni ya studio na itahitaji kikuza sauti.

Ukiona LDAC, ni mfumo wa Sony wa kusafirisha sauti yenye taarifa nyingi zaidi kupitia Bluetooth. Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 8 zinao, lakini iPhone haina, hutumia AAC. Yaani mwenye iPhone akilipia zaidi kwa ajili ya LDAC, anatupa pesa.

4. ANC, yaani kupunguza kelele

Hedifoni zenye ANC zina maiki zinazosikiliza kelele za nje, kisha kifaa kinatengeneza wimbi la kinyume ili kuzipunguza.

Inafanya kazi vizuri kwa kelele zisizobadilika: injini ya basi, jenereta, feni. Kwa honi, kelele za kondakta au mtoto anayelia, matokeo ni madogo. Kwa hiyo usitarajie ukimya wa chumbani ukiwa stendi ya Mbezi.

Faida yake kubwa ni kwamba hutahitaji kupandisha sauti ili kushinda injini. Kwa anayepanda daladala kila siku, ANC inastahili pesa. Kwa anayesikilizia chumbani kwake kwenye utulivu, bora pesa hiyo iende kwenye sauti.

Tahadhari moja: ukiwa unatembea barabarani, izime. Bodaboda haitakusubiri wimbo uishe.

5. Waya au Bluetooth

Kwa bei ileile, ya waya mara nyingi hukupa sauti bora, kwa sababu hulipii betri, chipu wala maiki za ziada. Haichelewi, jambo ambalo wacheza gemu kwenye simu wanalijua. Na kama simu yako ina redio ya FM, mara nyingi waya ndio antena, bila huo redio haishiki.

Shida ni kwamba simu nyingi mpya hazina tundu la 3.5 mm. Apple iliondoa tundu hilo kwenye iPhone 7 mwaka 2016 na kampuni nyingine zikafuata. Utahitaji adapta, na si kila adapta ya Type-C inafanya kazi kwa kila simu, kwa hiyo ijaribu palepale.

Bluetooth inakupa uhuru. Ukichagua njia hiyo, tafuta kubwa yenye tundu la waya pia, ili chaji ikiisha muziki usiishe.

6. Betri, maiki na maji

Hedifoni kubwa za bei ya kati nyingi hukaa na chaji saa 30 na zaidi. Zile ndogo zisizo na waya hukaa takribani saa 5 hadi 8, kisha hurudi kwenye kikasha chake. Betri zao ni ndogo sana na mara nyingi hazibadilishiki. Zikichoka baada ya miaka kadhaa, kifaa kizima kimekwisha. Kama unataka kitu cha kudumu, kubwa ina nafasi nzuri zaidi.

Maiki usiipime ndani ya duka. Toka nje penye kelele, mpigie mtu au jirekodi sauti ya WhatsApp, kisha sikiliza.

Kwa wa mazoezi: IPX4 inavumilia jasho na matone. IPX7 inavumilia kuzama kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kama boksi haliandiki chochote, chukulia haivumilii maji.

7. Uhalisi na risiti

Hapa ndipo wengi wanapigwa. Modeli maarufu zinaigwa hadi boksi. Dalili za feki ni bei iliyo chini mno, maandishi yenye makosa, plastiki nyepesi yenye kingo kali na sponji zilizoshonwa ovyo.

Njia nzuri ya kupima ni programu ya kampuni. Sony, JBL na Soundcore wana programu zao za simu. Kabla ya kwenda dukani, hakikisha kwenye tovuti ya kampuni kwamba modeli unayotaka inatumia programu hiyo. Kisha ipakue, na ukifika dukani unganisha. Ikikataa kuitambua, rudisha mezani.

Dai risiti ya EFD na uliza dhamana ni ya muda gani, iandikwe. Muuzaji anayesema "hii haina shida kabisa, kaka" lakini hataki kuandika hata wiki moja, ameshakujibu. Na kwa unayenunua mtandaoni, lipa baada ya kukagua mzigo kila inapowezekana.

Mifano ya kuanzia

Bei hizi ni za Marekani wakati bidhaa zinatoka. Hapa nchini huongezeka usafiri na kodi, au hushuka modeli ikizeeka.

- Soundcore Life Q30: ilitoka kwa takribani dola 80. Ina ANC, na betri yake inatajwa kukaa hadi saa 40 ANC ikiwa imewashwa.
- Sony WH-CH720N: ya 2023, takribani dola 150. Ina uzito wa gramu 192, nyepesi kwa hedifoni kubwa, na ina ANC. Haina LDAC ingawa ni ya Sony.
- Audio-Technica ATH-M20x: takribani dola 50, ya waya. Haina ANC wala Bluetooth, pesa yote iko kwenye sauti. Waya wake ni wa mita 3 na hauchomoki, kwa hiyo ni ya mezani zaidi kuliko ya daladala.

Kwa nini nusu?

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isikilizwe kwa jumla isiyozidi saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 tu. Yaani ongezeko hilo linakula karibu muda wako wote. Shirika hilo pia linashauri sauti ya kifaa isizidi asilimia 60.

Seli ndogo za ndani ya sikio zinazopokea sauti hazioti tena zikishakufa. Mlio wa "nziii" unaobaki baada ya kuvua hedifoni ni onyo, usiuzoee.

Simu yako inaweza kukusaidia. iPhone huonyesha kiwango cha sauti ya hedifoni na simu nyingi za Samsung zina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti. Weka kikomo siku ileile unayonunua.

Kwa hiyo ukifika dukani, fuata mpangilio huu: vaa, weka nusu, sikiliza dakika kumi, unganisha programu, dai risiti. Muuzaji akianza kukuharakisha, duka la pili liko mlango unaofuata.