Fumo Liyongo na Rostam: msiba wa baba na mwana katika nadharia ya usimulizi

Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya Pate na Ozi, anauawa na mwanawe. Rostam, shujaa wa Shahnameh ya Uajemi, anamuua mwanawe Sohrab. Nadharia ya usimulizi hutenganisha kisa na msuko, kisha huuliza: nani anajua nini, na anakijua lini? Swali hilo ndilo linalofungua tendi hizi mbili.

Ferdowsi, aliyekamilisha Shahnameh mwaka 1010, anatumia kisengere mbele: anaomboleza kifo cha kijana kabla hata hajazaliwa. Msomaji anajua, wapiganaji hawajui. Kila awezaye kuwatambulisha anaondolewa. Zhandeh Razm, anayemfahamu Rostam kwa sura, anauawa usiku na Rostam mwenyewe. Mateka Hojir analificha jina la Rostam kwa makusudi. Kito ambacho Rostam alimwachia Tahmineh, mama wa Sohrab, kimefungwa mkononi mwa Sohrab, chini ya deraya, na kinaonekana jambia likiwa limeshaingia. Utambuzi, ambao Aristotle aliuhesabu miongoni mwa sehemu kuu za msuko wa tanzia, unakuja umechelewa.

Muhammad Kijumwa wa Lamu, katika utenzi wake wa mwaka 1913, anakwenda kinyume. Gerezani, Liyongo anaimba fumbo ambalo walinzi wanalisikia wasilielewe. Kijakazi Saada analifikisha kwa mama wa Liyongo, naye anaoka mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi, waliozoea kujilia mikate mizuri, wanaudharau. Vishindo vya ngoma ya gungu vinafunika sauti ya tupa ikikata minyororo. Mpaka hapo, ajuaye ndiye anayeokoka.

Halafu mwana anakuja na swali lake: baba, ni kitu gani kiwezacho kukuua? Liyongo anatambua kwamba kijana ametumwa na maadui, na bado anamjibu: sindano ya shaba, kitovuni. Utambuzi umetangulia tendo, wala haukulizuia. Naiona hii kuwa tanzia nzito kuliko ile ya Sohrab, kwa kuwa hakuna ajali ya kuilaumu.

Vladimir Propp, aliyeorodhesha dhima 31 za ngano mwaka 1928, angemweka mwana katika nafasi ya mhalifu tu. Orodha hiyo haina mahali pa baba anayempa muuaji silaha kwa kinywa chake mwenyewe, huku akijua. Dhana ya mtazamo, yaani nani anaona na kujua nini, kama Gérard Genette alivyouchambua mwaka 1972, unafaa zaidi. Hata kisimani, Liyongo akiwa amekufa huku amepiga magoti na upinde mkononi, watu wanaogopa kuteka maji kwa kutojua kwamba amefariki.

Matini iliyo rahisi kwa uchambuzi huu ni toleo la Abdilatif Abdalla la utenzi wa Kijumwa, lililochapishwa Dar es Salaam mwaka 1973.